Msomaji wa Kontena la Bluu

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya hasira, na hasira nataka kuiandika ikiwa bado moto.

Asubuhi alikuja Ekeno kutoka Lodwar, kijana wa ofisi ya maktaba, shati limenyooshwa pasi mpaka mtu anaogopa kumpa mkono. Akaingia kwenye kontena letu la bluu, akachukua daftari la kuazimia vitabu, akalipekua mbele na nyuma. Tupu. Tangu vitabu viletwe hapa Kakuma mwezi wa Novemba, hakuna hata mtu mmoja aliyetia sahihi.

"Madam Arek," akasema, "hii register ni safi kama imetoka dukani leo."

"Mimi nasoma," nikamwambia.

"Wewe ni mtu mmoja. Ofisi imesema kama watu wa huku hawasomi, mwisho wa mwezi wa tano tunabeba vitabu vyote. Kuna shule Lodwar zinavililia."

Nilimjibu, na nilivyomjibu sitaandika. Alipoondoka nilikaa kwenye cherehani yangu hapa mlangoni mwa kontena nikashindwa hata kutunga uzi. Mimi Arek Lueth nilizaliwa katika kambi hii ya wakimbizi. Bor ya baba yangu, kule Sudan Kusini, sijawahi kuiona. Shule niliiacha kidato cha pili mama alipougua, na vitabu hivi ndivyo kidato changu cha tatu na cha nne. Ufunguo nilipewa kwa sababu tu nashona hapa nje, lakini nimeushika kama mtu aliyepewa cheo. Wakivibeba nitabaki na cherehani na vumbi.

Basi nitaandika kila kitabu ninachosoma na ninavyokiona. Ofisi ikitaka ushahidi kwamba Kakuma kuna msomaji, huyu hapa. Na nitasema kweli. Kitabu hakipati sifa kwangu kwa sababu kimekuja bure.

Alhamisi, 7 Machi

Jua. Suruali tatu za shule, zipu moja. Nimeanza riwaya ya upelelezi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeimaliza, au niseme imeniishia. Inaitwa Damu Kwenye Kalamu ya Mhasibu, na kurasa kumi na mbili za mwisho zimechanwa. Mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, ameinua kidole, anataka kumtaja muuaji, halafu jalada.

Nilienda moja kwa moja kwa Yai, anayeuza chai na mandazi hatua kumi kutoka kwangu, nikamwuliza anafungia watu mandazi na nini.

"Gazeti, fundi. Karatasi ya kitabu ni ngumu, hainyonyi mafuta."

Amejuaje kama hajaijaribu? Nilimtazama mpaka akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Maoni yangu: mpelelezi huyu anakunywa kila ukurasa wa tatu na hali chakula hata mara moja. Mtu hafikiri hivyo akiwa na njaa, waulize watu wa hapa. Lakini haki ya Mungu, kwa siku nne sikusikia mtu akiniita. Nyawal, jirani yangu, anasema alisimama mbele yangu na kitambaa cha mapazia mpaka akachoka akaenda zake. Mimi nasema muuaji ni shemeji wa marehemu, yule mwenye glavu.

Ijumaa, 15 Machi

Mtu amesahau kamba ya ushanga kwenye rafu. Juzi nilikuta mwiko. Watu wanaingia kutafuta kivuli, wanaacha vitu vyao, hawafungui hata kitabu kimoja. Nimevitia kwenye gunia la vitambaa.

Jumatano, 20 Machi

Barua za Suzana kwa Fundi Saa. Mwanamke anamsubiri mwanamume miaka tisa. Mwanamume anatengeneza saa katika mji mwingine, haandiki, hapigi simu, na Suzana kila Jumapili anapiga pasi gauni lile lile.

Nilikichukia kitabu hiki kuanzia ukurasa wa pili. Nilimwita Suzana mjinga kwa sauti, mteja akadhani namwambia yeye. Halafu Jumapili iliyopita nikajikuta napiga pasi shati la Awan. Awan ni mume wangu. Alikwenda Juba kutafuta kazi, mwaka wa nne huu, na simu yake ya mwisho ilikuwa Krismasi. Nilichomoa pasi, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo niandike kweli kama nilivyoahidi. Kitabu ni kizuri. Mwandishi anajua kitu ambacho sikutaka ajue. Mwisho wake Suzana anamchukua fundi viatu, na hapo nimemvumilia.

Jumanne, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Mabati ya kontena yalipiga kelele mpaka Nakeno, mama wa Kiturkana anayeniletea kuni, akaingia ndani akasimama kando yangu, maji yanamtiririka. Nilikuwa nimeshika kitabu cha mashairi. Akakitazama.

"Inasema nini?"

Nikamwambia ni mambo mazito, ya bahari. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuelewa. Mshairi anasema tanga, demani, ngalawa, nami bahari nimeiona kwenye kalenda tu. Nakeno akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mvua ikapungua akaondoka. Nilijisikia vibaya kidogo kwamba nimemdanganya, kisha nikajiambia, atajuaje, hasomi.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimesoma kitabu kinachotuhusu sisi.

Ni kikubwa, karatasi zinang'aa, picha nyingi. Mwandishi alikaa Kakuma wiki tatu, zamani, nilipokuwa mdogo. Ameandika kwamba hapa ni mahali ambapo watu "wameacha kutaka". Mama yangu alikuwa anataka kila siku. Alitaka maji, alitaka nisome, alitaka chumvi isiyo na mchanga, alitaka mchungaji afupishe mahubiri. Mwandishi hakumwuliza. Picha ya ukurasa wa sitini ni foleni ya maji, na mbele kabisa mwanamke amesimama ametupa mgongo, ndoo kichwani, shingo imenyooka. Chini wameandika: mwanamke asiyejulikana.

Nimechukua kalamu nikaandika pembeni: Anajulikana. Mwulizeni.

Najua kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni kosa. Ekeno akija nitakiri mwenyewe.

Jumamosi, 6 Aprili

Mtu mwingine amesahau kigoda. Ni katika vile vya wanaume wa Kiturkana, ekicholong, cha mti mweusi, kimesuguliwa kwa miaka mpaka kinang'aa. Mchana mtu anakikalia, akijilaza anakiwekea kichwa. Kiti changu cha plastiki kilivunjika mguu Jumatatu, kwa hiyo kigoda kimenifaa kwa kusomea saa ya chakula.

Alhamisi, 11 Aprili

Vitabu vinaibiwa.

Niligundua nilipotafuta kile cha mashairi nikijaribu tena. Hakipo. Cha upishi hakipo. Cha magonjwa ya mbuzi, cha kutengeneza friji, hata kitabu cha watoto cha kiboko anayeogopa maji, hakuna. Nikahesabu rafu kwa rafu. Thelathini na kitu vimekwenda, na daftari bado jeupe. Ekeno akija sasa hatasema watu hawasomi, atasema Arek ameviuza.

Nani anaingia humu kila siku? Nilimngoja Nakeno. Alipotua kuni zake tu nikamwuliza kitabu cha mbuzi kiko wapi.

"Kiko nyumbani," akasema, hana hata wasiwasi.

"Nani alikwambia uchukue?"

"Baba anakitaka."

"Baba yako anasoma?"

"Mimi ndiyo nasomea yeye."

Nikacheka. Naandika hili kwa sababu niliahidi kusema kweli: nilicheka mbele ya watu, nikamwambia kitabu si kuni, hakiokotwi, na mwenye kuchukua bila kuandika ni mwizi. Yai alikuwa anasikia. Nyawal pia. Nakeno aliinama. Alibeba mzigo wake wa kuni, hakuniuzia, akaenda.

Jumatano, 17 Aprili

Leo nimejua mimi ni mtu wa namna gani, na si mtu niliyekuwa namsifia.

Saa saba mchana, mawingu mazito upande wa magharibi, nilikuwa nimekaa mlangoni na riwaya mpya, ya mwanamke anayeendesha trekta. Nikaona miguu. Viatu vya tairi, fimbo, shuka la miraba. Nikainua macho: mzee mrefu, mwembamba, unyoya kwenye kofia, ananuka moshi. Nyuma yake Nakeno. Mkononi mwa mzee kitabu cha magonjwa ya mbuzi, kimefungwa vizuri ndani ya kitambaa.

Hakunisalimia. Alikuwa anatazama nilipokaa.

"Wewe umekalia kiti yangu," akasema.

Niliinuka haraka mpaka kitabu kikaanguka. Sitajifanya sikujua. Tumeishi na Waturkana miaka thelathini, sisi upande huu wa laga, ule mto wa msimu, wao upande ule, na laga ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Nilijua mwanamume hutembea na kigoda chake kama anavyotembea na jina lake. Nilikuwa nimesikia pia kwamba mwanamke hakikalii. Lakini nilisikia kama mtu anavyosikia habari za wengine, haikunihusu. Nami nilikikalia siku kumi na moja.

Mzee akakiokota, akakipangusa kwa shuka, mara nyingi, polepole. Kisha akaniwekea kitabu juu ya cherehani.

"Kitabu yako hii. Tumemalizana."

Akaanza kwenda. Nikamshika Nakeno mkono, nikamwuliza kwa nini kigoda kilikuwa kwenye rafu yangu.

"Unatuuliza leo?" akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Tulichukua kitabu, tukaacha kitu pale pale mahali kitabu ilitoka. Kitu ya mtu mwenyewe, ile inamuuma. Ukiwa na kigoda ya baba, baba lazima arudi. Si hiyo ni kuazima?"

"Kuna daftari. Ungeandika jina tu."

"Jina." Akalitazama daftari lililokuwa mezani. "Baba aliweka kidole kwa karatasi mara moja. Wakasema ni ya kuhesabu mbuzi. Mwaka uliofuata kuna seng'enge kwa malisho yetu. Hata hawa watu wenu wa kambi, uliza kama kuna mmoja ataandika. Sahihi haiumi mtu yeyote, fundi, ndiyo maana watu wanadanganya nayo."

"Lakini mngeniambia."

"Ukishika kitabu, ngamia inaweza ingia hapa ndani na itoke, wewe hujui. Tulikuita. Tulichoka."

Wakaondoka. Nilimwaga gunia la vitambaa sakafuni. Ushanga, mwiko, boya la wavu, bangili ya pembe, picha ya harusi ndani ya fremu, vingine zaidi ya ishirini, na kichujio cha chai. Kichujio cha Yai. Ndiyo maana wiki hizi chai yake ina majani. Kila kimoja kilikuwa kimeachwa mahali pake kwenye rafu kikishikia kitabu, na mimi nimevikusanya vyote kama takataka, sasa sijui kipi ni cha kitabu gani.

Kitu kimoja bado, nikiandike nipumue. Daftari la Ekeno ni tupu. Nimesoma vitabu kumi na vinne tangu Novemba. Jina langu pia halimo. Mama yangu alitia sahihi karatasi moja nikiwa darasa la sita, na mwezi uliofuata jina la mjomba likatoka kwenye kadi ya mgao wa chakula. Tangu hapo kalamu ya ofisi naiogopa. Nimekaa miezi mitano nikiwasukumia watu daftari ambalo mimi mwenyewe siligusi, na nikawaita wezi.

Alhamisi, 18 Aprili

Laga imejaa. Maji ya rangi ya chai ya Yai yanabeba miti. Hakuna kuvuka kwenda kwa Nakeno kuomba radhi.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado. Nimevitundika vile vitu vyote kwenye mlango wa kontena, kila kimoja na msumari wake, nikasimama hapo kama mwuza mitumba nikimwambia kila apitaye: chako ni kipi, na kitabu chako kipi, njoo unitukane kisha uniambie.

Yai alikuja wa kwanza. Alikuwa na kile cha mashairi.

"Unakielewa?" nikamwuliza.

"Siyo yote. Lakini nikikisoma kwa sauti wateja wananyamaza."

Nyawal alichukua mwiko wake mkononi, akaniambia kitabu cha upishi anawasomea wanawake wa kwaya kila baada ya mazoezi. Keki ya mayai sita na siagi nusu kilo. Hapa yai moja linagawanywa. Nikadhani kinawatia uchungu, nikamwambia.

"Uchungu wa nini? Juzi tumepika harusi nzima kwa mdomo," akasema Nyawal. "Tumeshiba mpaka kesho yake."

Boya la wavu ni la mtu wa Longech, kule ziwani, anayeleta samaki wakavu kwa lori. Amechukua kitabu cha friji na hajarudi, ila Yai anasema atarudi, boya lile ni la marehemu ndugu yake.

Jumapili, 21 Aprili

Maji yalipungua mpaka magotini. Baada ya kanisa nilivuka, viatu mkononi, kitabu cha mbuzi kifuani. Boma la Nakeno liko mbali kuliko nilivyodhani. Sikuwahi kufika. Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa akija.

Mzee Lopeyok, ndilo jina la baba yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kilikuwa kimepakwa mafuta, kinang'aa upya. Nikamsalimu ejok, akajibu ejok kwa sauti ya mtu anayemjibu mbwa wa jirani. Nikapiga magoti mchangani. Sisi Wadinka hatupigiani magoti ovyo, na mimi hasa sipigi. Nikasema nimekosa kwake na kwa binti yake, na kwamba Nakeno si mwizi, mdomo wangu ndio uliopaswa kufungwa. Nikamwomba akichukue kitabu tena.

Mbuzi wakapita katikati yetu.

"Mimi nilikupa kitu inaniuma," akasema. "Wewe unaacha nini?"

Sikuwa na kitu. Mkasi wangu niliuacha kambini. Nilikuwa na hiki tu, daftari hili, kwenye mfuko wa gauni, na ndani yake nimeandika kila kitu, Awan, mama, kicheko changu. Nimeomba kalamu dakika moja niandike siku ya leo. Sasa ninampa.

Jumatatu, 6 Mei

Limerudi.

Siku kumi na tano bila daftari nilikuwa kama mtu aliyenyolewa, kila saa napeleka mkono mahali ambapo hakuna kitu. Leo asubuhi Mzee Lopeyok alikuja mwenyewe. Alipita kando yangu, akaingia ndani, na pale kwenye pengo la kitabu cha mbuzi akaweka kigoda chake kwa mikono miwili. Kisha akanipa daftari. Kitabu amebaki nacho.

Wamelisoma lote, Nakeno anasoma, mzee anabisha. Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wa Nakeno, mkubwa, umeinama, wa mtu aliyejifunza ukubwani kwenye darasa la jioni. Nilipoandika kwamba mzee ananuka moshi, ameandika: Baba anasema hiyo ni tumbaku. Kwenye habari za Suzana: Huyu Awan mpigie wewe simu. Kwenye siku ya mvua ya kwanza: Nilijua huelewi. Na pale nilipomwita mwizi hakuandika kitu. Amepiga mstari mmoja tu chini ya neno, mzito, umetoboa karatasi.

Nimesoma maandishi hayo ya pembeni mara tatu. Ni maoni mazuri kuliko yangu, na mimi si mtu wa kusema hivyo kirahisi.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Wateja hawaji kushona, wanakuja kubishana.

Kile kitabu kikubwa cha picha kimezunguka kambi nzima. Leo kilirudi, na aliyekirudisha akafungua ukurasa wa sitini, akaniambia yule mwanamke wa foleni ni mama yake, anaijua shingo ile. Ni mtu wa saba kuniambia hivyo. Mmoja ni Mkongo ambaye mama yake hakuwahi kufika Kakuma. Mimi ningekuwa wa nane, maana nilikuwa na hakika tangu siku ya kwanza, ila niliona aibu kuandika. Sikumbishia yeyote. Chini ya maandishi yangu pembeni kuna majina saba ya wanawake sasa, kila moja kwa mwandiko wake. Watu wasiotia sahihi popote wameandika hapo majina ya mama zao.

Mzee Lopeyok anagombana na ukurasa wa arobaini na moja. Kitabu kinasema mbuzi anyweshwe kila siku. Yeye anasema mbuzi wa kunywa kila siku ni mbuzi wa kufia njiani, umfundishe siku ya pili, siku ya tatu, ndipo ataifikia nyasi ya mbali. Amenituma nimwandikie mwandishi. Nimeandika, na anwani sina.

Jumatano, 22 Mei

Ekeno alifika na pikapu na masanduku matupu. Akaingia ndani, akasimama.

Kwenye rafu kulikuwa na vitabu labda ishirini. Kwingine kote bangili, fimbo, viatu vya ubatizo vya mtoto, redio bila betri, kengele ya ng'ombe, ufunguo wa nyumba iliyobaki Sudan Kusini. Daftari lake lilikuwa mezani, jeupe.

Nilimweleza yote. Nilitegemea aniletee kiburi cha ofisi, lakini alikwenda mpaka kwenye kigoda, akaweka mikono nyuma ili asikiguse.

"Dada, mimi nimeelewa," akasema. Ni mara ya kwanza kuniita dada. "Babu yangu alizikwa na kigoda yake. Lakini Lodwar nitasema nini? Kwenye karatasi, hivi ni vitabu vimepotea. Watasema umeviuza."

"Andika ulichoona."

"Nikiandika watacheka. Njoo wewe useme, kamati inakaa tarehe ishirini na tisa. Nitakusaidia kibali cha kutoka kambini."

Masanduku yake aliondoka nayo matupu. Nilikuwa nimemhukumu kwa sababu ya shati.

Alhamisi, 30 Mei

Naandika nikiwa bado Lodwar, kwa binamu wa Nyawal. Ya jana nataka yakae kama yalivyokuwa.

Nilivaa gauni langu la bluu nililolishona mwenyewe na nilitembea kwenye korido ya ofisi ya maktaba kama mwenye nyumba. Ndani kulikuwa na meza ndefu, Ekeno pembeni, karani mmoja, na kamati: wanaume wawili na mwenyekiti, Mama Nabei, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani. Waliniuliza kwa Kiingereza vitabu viko wapi. Nikajibu kwa Kiswahili kwamba vinasomwa.

Nikafungua daftari hili nikawasomea. Niliwasomea mhasibu na glavu, Suzana, keki ya mdomo, majina saba ya ukurasa wa sitini. Nilisoma vizuri, najua nilisoma vizuri. Mmoja wa wale wanaume alicheka pahali pa kuchekea. Halafu akachomoa kalamu sikioni akasema, kwa upole kabisa:

"Madam, hii ni kazi safi. Lakini ni maneno ya mtu mmoja. Mtu mwenye kuandika hivi anaweza kuyatunga yote."

Miezi mitatu nimeandika ushahidi, na uzuri wake ndio uliouharibu. Akilini niliona vitabu vikipakiwa. Nikajikaza nisilie mbele yao.

Ndipo mlango ukafunguliwa bila kubishwa, akaingia Mzee Lopeyok, Nakeno nyuma yake. Walikuja na lori la samaki lililokuwa likirudi Kalokol, ziwani, kupitia Lodwar. Hakuna aliyewaita. Alikuwa na fimbo, shuka, na kitabu cha magonjwa ya mbuzi ndani ya kitambaa.

Karani akamletea kiti cha plastiki. Mzee akakitazama, akakataa kwa kichwa. Akasimama karibu na ukuta. Yule mwanamume akaendelea na hoja zake, sheria ya mali, orodha, hasara. Mzee amesimama. Nakeno alikaa chini, yeye amesimama. Mguu wake mmoja ulianza kutetemeka, akahamisha fimbo mkono wa pili. Karani akasogeza kiti mara ya pili, mzee akakisukuma polepole kwa kisigino. Ikapita karibu saa nzima, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza yule msemaji tena.

Mama Nabei akavua miwani. Akasema neno kwa Kiturkana, kisha, kwa ajili yangu, akalirudia kwa Kiswahili.

"Mzee, ekicholong yako iko wapi?"

"Iko Kakuma," akasema Lopeyok. "Kwa hiyo nyumba ya vitabu. Huyu mama yuko na kiti yangu, mimi niko na kitabu yake. Sijamaliza. Iko ukurasa moja inasema uongo."

Hakuna aliyecheka. Wale wanaume wawili ni watu wa hapa, baba zao walikuwa na vigoda. Yule wa kalamu aliinama akatazama meza. Ekeno alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati lake zuri.

"Umetoka Kakuma mpaka hapa bila hiyo?" Mama Nabei akamwuliza.

"Nitakaa nikirudi."

Mama Nabei akasema vitabu havitoki Kakuma, si mwezi huu, si mwaka huu, na daftari la sahihi lirudi ofisini. Kisha akainuka, na kwa kuwa ameinuka mwenyekiti, wengine wote wakainuka, tukawa tumesimama chumba kizima na mzee. Nilishindwa hata kusema asante. Mimi ninayejua maneno yote yale.

Karani bado alikuwa ameshika kalamu. Akauliza kwenye kumbukumbu za kikao aandike ushahidi uliotolewa ni upi.

"Andika mzee alisimama," akasema Mama Nabei.